Kimya Chako Nakijua

Tarehe 14 Januari

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, magoti yametulia na cherehani haijaanza tena ule mchezo wake wa kukata uzi. Mimi sijambo. Nilifika salama na mzigo wote, ila kile kikapu ulichonipa kilikatika mkono pale kituoni, vitunguu vikatawanyika mbele za watu. Nilicheka peke yangu kwa sababu nilikusikia kabisa ukisema, "Si nilikwambia ubebe begi?"

Najua simu zipo. Lakini kwako simu ni kuzungumza huku wateja wa sare wametega masikio, na mimi nimezoea barua zako tangu shule ya bweni. Basi tuendelee hivyo hivyo.

Chuoni tuko wanane. Wote tulishafanya kazi hospitalini au mashuleni, na sasa tunajifunza kutibu watu kwa mazungumzo. Si kumwambia mtu fanya hivi, acha vile. Unakaa na mtu kila wiki, mwaka mzima, hata miwili, mpaka yale ya utotoni yanayomwendesha bila yeye kujua yaanze kujionyesha. Chumba chenyewe kina viti viwili, havitazamani uso kwa uso, vimegeuzwa pembeni kidogo ili mtu apate pa kupeleka macho. Saa iko ukutani nyuma ya mteja, uione wewe, asiione yeye. Boksi la karatasi za kufutia machozi liko karibu na mkono wake. Akilia usimpe. Ukimpa ni kama umemwambia, haya, nyamaza.

Jana ilikuwa zamu yangu kufanya mazoezi. Mwenzangu aliigiza mwanamke aliyekimbiwa na mume. Hata hajafika mbali, mimi huyo: "Dada, mwache aende zake huyo!" Darasa zima likaangua kicheko. Msimamizi wetu, mama mmoja mfupi mwenye miwani ya kuning'inia kifuani, hakucheka. Akasema, "Umemnyang'anya jibu lake." Ndiyo kanuni ya kwanza hapa. Mtu akikuuliza, usimjibu. Mrudishie swali, kisha ngoja. Kimya nacho ni kazi.

Na sisi wenyewe lazima tutibiwe. Kila Alhamisi nakaa kwenye kiti cha mteja mbele ya mzee mmoja mtaalamu, mimi naongea, yeye anaitikia kwa kichwa. Hebu fikiria, wewe uliyeniita Chiriku kwa kupayuka, sasa nalipa ada nifundishwe kunyamaza.

Mwanao,
Chiriku


Tarehe 22 Februari

Mwanangu Chiriku,

Marahaba. Barua yako nimeisoma, nikacheka mpaka sindano ikanichoma. Mimi mzima, goti la kulia tu ndilo linalonidai. Jirani yetu mwenye duka la vifaa vya shule anakusalimu, paka wake kazaa tena, na safari hii kazalia ndani ya kapu langu la vitambaa. Nimemwachia. Ningefanyaje?

Eti kimya ni kazi! Mimi nikinyamaza mbele ya wateja wangu, watahamia wote kwa fundi wa ng'ambo ya barabara. Na huyo msimamizi wako mwambie kwamba mwanamke aliyekimbiwa jibu analo tangu zamani. Anatafuta mtu wa kumsindikiza tu.

Sasa nikueleze jambo, na usicheke.

Unamkumbuka yule seremala mwenye karakana nyuma ya kituo cha mafuta, mrefu, mwembamba, watu wanamwita Msumari? Wiki ile ile uliyoondoka nilimwita anitengenezee meza mpya ya kukatia. Akaipandisha juu, eti nisiiname. Alinipima kimo kwa macho, tena kwa adabu zake zote. Baada ya wiki akarudi kuangalia kama miguu ya meza inacheza. Haikuwa inacheza. Akarudi tena. Meza haijapata kukaguliwa hivi tangu dunia iumbwe. Siku hizi akifunga karakana anapita, anakaa kwenye kigoda chako pale karibu na cherehani, magoti yamemfika masikioni, ananishikia mwisho wa kitambaa nikikata. Haongei sana. Mkewe alifariki zamani, ana binti mmoja ameolewa mji wa mbali.

Wiki iliyopita akaniambia, "Mama, mimi na wewe tungekuwa tunakula pamoja kila siku, ingekuwa vibaya?" Ndiyo posa hiyo, mwanangu! Nilikuwa na pini mdomoni, nikakosa hata pa kuzitemea.

Mkataba wa karakana yake unaisha Juni. Akibaki, ataulipia upya. Asipobaki, binti yake anamwita akaishi huko. Anataka kujua moyo wangu kabla ya hapo. Nimemwambia nina mtoto, na siwezi kuleta mtu ndani ya nyumba hii kabla sijamuuliza mtoto wangu. Tangu marehemu baba yako aniachie wewe, tumekuwa wawili humu ndani. Kwa hiyo nakuuliza. Unasemaje?

Shangazi yako


Tarehe 2 Aprili

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa. Poleni na joto, na pole na goti. Mimi nimepata mteja wangu wa kwanza. Namwona kila Jumanne kwa dakika hamsini, halafu naandika kutoka kichwani kila tulichosema, na msimamizi anakaa na maneno yangu kama mtu anayechambua mchele. Juzi alinisifu kwa mara ya kwanza. Mteja aliniuliza, "Kwani wewe una watoto?" Nikamwambia, "Najiuliza ingekuwa na maana gani kwako nikiwa nao." Msimamizi akasema nimeanza kukomaa.

Nimefurahi kusikia umepata meza nzuri. Kile kigoda kwani bado kipo? Nilidhani kilishavunjika.

Kuhusu lile jambo uliloniuliza, nimekaa nalo muda mrefu. Najiuliza ni nini kinachokufanya uniulize mimi, na kwa nini sasa. Unahisi nini unapolifikiria? Inawezekana unatafuta kwangu ruhusa ambayo kwa kweli iko mikononi mwako. Sisemi ndiyo wala sisemi hapana. Si kwamba sijali. Jibu likitoka kwangu halitakuwa lako, nami sitaki kukunyang'anya. Kaa nalo tu, usijiharakishe.

Nakukumbuka sana.

Chiriku


Tarehe 17 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako ilipofika nilidhani umekosea bahasha, ukanitumia ya yule mteja wako wa Jumanne. Nikageuza, nikaona jina langu. Nikaisoma upya.

Unaniuliza nahisi nini. Nahisi nimeuliza swali, sijajibiwa. Nilipokuwa nakuuliza, unataka uji au chai, ulikuwa unasema unataka nini. Sasa umesoma, nakuuliza niolewe nisiolewe, unaniuliza kwa nini nauliza! Haya. Nauliza kwa sababu wewe ndiye wangu. Nyumba ni yako na mimi. Sina mwingine wa kumuuliza, na hata ningekuwa naye nisingemuuliza.

Usidhani nahitaji maneno mengi. Neno moja tu, mwanangu. Ukisema ndiyo, nitajua la kumwambia. Ukisema hapana, haitaniua, nimeshazikwa na mengi nikafufuka. Lakini mtu aliyekaa pale kigodani hanihimizi, wala hanikumbushi, na hilo ndilo linalonitesa zaidi. Juzi alikuja na kipande cha mbao, akakiweka chini ya mguu wangu wa kukanyagia cherehani ili goti lisiumie. Akapiga nyundo, akaenda zake.

Mwenzio nangoja. Wahenga walisema chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Andika upesi.

Shangazi yako


Tarehe 8 Juni

Mwanangu Chiriku,

Natumaini u mzima. Sisi huku wazima. Wateja wa muhula mpya wameanza kuja, mtoto mmoja amerefuka mpaka nimemshonea suruali mara mbili. Paka wa jirani amewahamisha wanawe mwenyewe, mmoja baada ya mwingine, kawabeba kwa meno.

Posta nimekwenda mpaka yule karani akiniona anatikisa kichwa kabla sijafika dirishani. Nimengoja Aprili, nikangoja Mei yote. Sikulaumu. Mtu mzima haombi jibu mara tatu. Kimya chako nakijua, mwanangu, nimekilea mwenyewe, na najua kinasemaje.

Nimemwambia Fundi Msumari kwamba haitawezekana. Usiwe na wasiwasi wowote. Soma vizuri, ule vizuri.

Shangazi yako


Tarehe 10 Juni

Ndiyo, Shangazi. Ndiyo, ndiyo, ndiyo!

Naanza na neno hilo kabla ya salamu ili likufikie kwanza. Shikamoo. Nisamehe. Natumaini u mzima, na Fundi pia mzima, na mmesimama kando ya ile meza mkinisema, maana nastahili kusemwa.

Sina udhuru. Barua yako ya Aprili ilikaa kitandani kwangu, ikahamia mezani, ikaingia chini ya vitabu. Nilijiambia nakuachia nafasi. Jumatatu msimamizi aliniuliza mbona nimepoa, nikamweleza habari zako, tena kwa kujivuna kidogo, jinsi nilivyoshika kanuni hata kwa ndugu yangu. Akavua miwani.

"Shangazi yako alikuja kwako kutibiwa?"

Nikasema hapana.

"Basi kwa nini umemtibu?"

Wallahi nilikosa pa kuficha uso. Akasema kanuni zile ni za kile chumba, na anayetoka nazo nje ni kama daktari anayekuja mezani kula amevaa glavu. Akaniambia nirudi nyumbani nikaandike.

Lakini hiyo ni nusu. Nusu nyingine niliisema jana, kwa yule mzee wa Alhamisi. Nilianza kumweleza kuhusu Fundi, nikajikuta nazungumzia kigoda. Kigoda, Shangazi! Mwanamke mzima mimi, nalia kwa kwikwi kwa sababu mtu amekalia kigoda. Mzee akaniuliza, "Na wewe ungekaa wapi?" Ndipo nikaona. Sikuwa nalinda jibu lako. Nilikuwa nalinda mahali pangu. Nilitaka nikirudi nikute nyumba kama nilivyoiacha, wewe kwenye cherehani na mimi pale chini naokota vifungo. Kanuni ilinifaa tu, nikajifunika nayo. Naona aibu, lakini ndivyo ilivyokuwa. Kweli mganga hajigangi.

Olewa, Shangazi. Mwambie Fundi alipie karakana yake. Mwambie akalie kigoda mpaka kivunjike, atatengeneza kingine. Naituma leo hii hii, na naomba mwenye posta aionee huruma.

Mwanao mjinga,
Chiriku


Tarehe 27 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Barua zetu zimepishana njiani. Yako imenifikia Jumatano, na lori la kumhamisha Fundi lilikuwa limekuja Jumamosi ya kabla yake.

Alipakia mashine zake mwenyewe, hakutaka kusaidiwa. Kabla ya kupanda alipita hapa, akainama chini ya meza, akakaza skrubu zote. Nilipomwambia ile siku kwamba mwanangu hajakubali, hakuuliza kwa nini. Alisema, "Sawa, mama. Mtoto ni mtoto." Na siku ya kuondoka akasema kwaheri kama mtu anayekwenda dukani. Karakana sasa wamepewa watu wa kuziba matairi.

Usiniandikie kwamba nimfuate. Najua utataka. Mtu mzima nimemkataa mchana kweupe, na binti yake kwa furaha kamjengea banda la kufanyia kazi uani kwake. Naye ameshampa huyo binti neno kwamba atakaa. Maji yamekwishamwagika, mwanangu, tusijiloweshe bure kwa kuyazoa.

Uliniuliza nahisi nini. Nitakujibu mara moja, usinifanye nirudie. Nilimtaka. Kwa umri wangu huu na magoti haya, nilimtaka. Jioni nikishusha taa ya cherehani bado nasikiliza hatua zake kwenye kokoto. Kitambaa kikiwa kirefu nakikata vibaya, maana hakuna wa kunishikia mwisho. Inauma. Basi, nimesema.

Sikulaumu, na nataka uelewe kwa nini sikungoja zaidi. Ulipokuwa na miaka saba kulikuwa na mwalimu mmoja. Huenda umemsahau. Alikuwa akija Jumapili. Jumapili moja alipoondoka nikakuuliza, "Chiriku, huyu akija kuishi na sisi, utapenda?" Ukanyamaza. Wewe! Siku nne hukufungua mdomo, mpaka shuleni wakaniita wakidhani unaumwa. Nikajua mtoto amekataa. Nikamwambia mwalimu asije tena, na wiki haikuisha ukaanza kupayuka kama kawaida. Sikukwambia kamwe. Nilisema moyoni, huyu hana mama, hana baba, asimpoteze na shangazi pia. Sikujuta, au nilijuta kidogo kidogo, nikashona.

Kwa hiyo mwaka huu uliponyamaza, nilidhani nakifahamu kimya kile. Sasa wewe unaniandikia kwamba ulinyamaza na moyoni ilikuwa ndiyo. Barua yako nimeiweka chini na sijaweza kushona tangu siku hiyo. Nakuuliza, na safari hii usinirudishie swali. Yule mwalimu, ulimkatalia nini?

Shangazi yako


Tarehe 5 Julai

Shangazi yangu,

Shikamoo. Barua yako nimeipokea asubuhi hii, nakuandikia nikiwa nimesimama hapa hapa posta, kalamu ni ya kuazima na imefungwa kamba. Mimi mzima. Mwezi wa nane wanatupa likizo na nakuja. Nitakushikia mwisho wa kitambaa kwa siku nitakazokuwepo. Najua mikono yangu siyo uliyokuwa unaitaka.

Nilikuwa nimemsahau mwalimu mpaka ulipomtaja, na sasa namwona. Alikuwa na viatu vya kahawia, akivivua mlangoni anavipanga sawasawa. Aliniletea penseli yenye kifutio. Alijua kuiga sauti ya jogoo, na nilimwomba airudie mpaka ukanikataza.

Nimesimama hapa nikiwaza kama nikuandikie kwamba sikumbuki. Ningeweza. Nimefundishwa namna nyingi za kutojibu, na mojawapo huenda ingekupa usingizi. Lakini umeuliza, na nilishakukalia kimya mara moja mwaka huu.

Sikumkataa, Shangazi. Nilimpenda. Siku ile kiti cha wageni kilikuwa kimejaa sare, akatafuta pa kukaa, akakalia kigoda changu. Nikanuna. Nikasema sitaongea mpaka mtu aniulize nimenunia nini. Uliponiuliza lile swali lako nilikuwa bado nangoja kuulizwa hilo. Nikangoja siku ya pili, ya tatu, ya nne, halafu nikasahau.

Alikalia kigoda changu. Hakukuwa na jambo jingine.

Mwanao,
Chiriku